Land Rover Series ya zamani: kagua chasisi kabla hujaipenda injini

Gari likishakaa juu ya mawe miaka kumi, muuzaji huanza na injini: haina shida, ilikuwa inatembea vizuri siku ilipoegeshwa. Huenda ni kweli, lakini kwa Land Rover za Series injini ndiyo sehemu ya mwisho kukutia hofu. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni chuma cha kawaida chenye silinda nne na kabureta moja. Mafundi wazee wa Arusha, Nanyuki au Morogoro wanaijua kwa kuipapasa, na spea zake bado zinatengenezwa. Uamuzi wa kununua au kuondoka unategemea vitu vitatu, kwa mpangilio huu: karatasi, chasisi, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva.

Kwanza ujue unachotazama. Series II ilitoka 1958 hadi 1961, IIA 1961 hadi 1971, na Series III 1971 hadi 1985. Taa za mbele zikiwa katikati karibu na grili, gari ni Series II au IIA ya miaka ya mwanzo. Zikiwa kwenye mabawa na grili ni ya plastiki, ni Series III, isipokuwa mtu amebadilisha, na kwetu watu wamebadilisha sana. Namba 88 na 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiwa unaanza, chukua 88. Ile ya 109 hubeba zaidi na inapendeza kwa safari, lakini chasisi yake ni ndefu, imebebeshwa mizigo miaka hamsini, na bodi ya milango mitano ina vipande vingi ambavyo ni tabu kuvipata.

Karatasi ziangalie kabla hujavaa ovaroli. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, pale inaposhikwa springi. Chukua brashi ya waya, mafuta ya taa na tochi, usafishe taratibu bila kutumia grainda, kisha ulinganishe tarakimu moja moja na kadi ya gari au logbook, na pia na kibao cha kiwandani. Kibao peke yake si ushahidi, kwa sababu kinashikwa na ribiti na huhama kutoka gari moja hadi jingine. Kama mahali pa namba pamechomelewa bamba jipya, simama hapo hapo. Namba ya injini nayo ilinganishe. Series nyingi za Afrika Mashariki zina injini za Toyota au Isuzu, na hilo si kosa, ila mabadiliko hayo yawe yameandikishwa. La sivyo utakwama siku ya kuhamisha umiliki.

Nyingi kati ya gari hizi zinatoka kwenye mashamba ya mkonge, misheni, au minada ya serikali, na mara nyingi mwenye jina kwenye kadi ameshafariki. Mtoto wa marehemu anayekuuzia hana haki ya kuuza mpaka awe na barua ya usimamizi wa mirathi. Usilipe hata malipo ya awali kwa ahadi kwamba itapatikana. Kwa gari la mnada wa serikali, dai hati za mnada zenyewe, si nakala ya simu. Kama umewaza kukwepa yote haya kwa kuagiza gari kutoka Uingereza, msomaji wa Kenya akumbuke kwamba nchi yake kwa kawaida haipokei gari lililozidi miaka 8.

Sasa chasisi. Watu hudanganyika kwa sababu bodi ya Land Rover ni aluminiamu: baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hiyo gari lilipoanza kutengenezwa 1948 lilivikwa aluminiamu. Bodi haishiki kutu nyekundu, na gari linaweza kung'aa juu huku chini limeoza. Chasisi ni boksi la bamba la chuma lenye unene wa karibu milimita 2, na ndani ni tupu. Maji na tope huingia kwenye matundu, hukaa, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Gari la Tanga, Mombasa, Lamu au Zanzibar limepokea na chumvi juu yake. La Dodoma au Laikipia lina nafuu, lakini usilinunue kwa sifa ya mkoa. Lala chini uangalie.

Beba nyundo ndogo, bisibisi ya zamani yenye ncha, sumaku, tochi na mkeka. Anza nyuma, kwenye boriti inayoshika ndoano ya kuvutia. Gonga kila sentimita tano. Chuma kizima kinalia, sauti kavu inayorudi mkononi. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti butu kama unagonga kasha la mbao, na ndani utasikia magamba ya kutu yakimwagika kama punje kwenye debe. Hapo sukuma bisibisi. Ikizama, pamekwisha. Rangi nzito nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari isikupe moyo. Gonga hapo mara mbili zaidi.

Kutoka boriti ya nyuma, fuata reli mbili za chasisi hadi mbele. Simama pale springi zinaposhikwa, juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hurundikana, na kwenye mikono midogo ya pembeni inayobeba bodi na tanki. Mkono ulio nyuma ya tanki la mafuta ndio unaofichika, kwa hiyo ndio unaosahaulika na wakaguzi na wachomeleaji pia. Malizia kwenye pembe mbili za mbele zinazoshika springi na bampa. Mikono ya pembeni na boriti ya nyuma hubadilishwa zikiwa kipande kizima, na ni kazi ya kawaida kwa fundi mzuri. Reli kuu zikiwa zimeoza karibu na springi, au karibu na boriti inayobeba giaboksi, hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Angalia pia viraka vya zamani. Kiraka halali kimekatwa hadi kwenye chuma kizima na kuchomelewa kuzunguka pote kwa bamba la milimita 2. Kiraka cha kuficha ni bamba jembamba lililobandikwa juu ya kutu, limeshikwa kwa nukta nukta, na kutu inaendelea kula chini yake. Pitisha sumaku: isiposhika kwenye chasisi, umekuta pati au faiba.

Kisha pima kama chasisi imenyooka. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, ning'iniza uzi wenye nati kutoka pointi nne zinazofanana za reli, mbili mbele na mbili nyuma, weka alama za chaki chini, usogeze gari, kisha upime pembe kwa pembe. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita, gari limewahi kupinduka au kugongwa. Kwa 109 ongeza jaribio hili: funga milango, weka jeki chini ya reli katikati ya gari, pandisha kidogo. Uwazi wa mlango ukibadilika waziwazi au mlango ukigoma kufunguka, chasisi imelegea.

Zipo chasisi mpya zilizochovywa kwenye zinki, na kampuni kama Richards na Marsland za Uingereza huzitengeneza. Ni jibu zuri sana kiufundi. Lakini ongeza usafiri wa kitu kizito na kirefu, ushuru, na swali la namba ya chasisi, ambayo ndiyo kitambulisho cha gari. Omba bei kamili hadi mlangoni kwako na uulize mamlaka ya usajili kwanza. Usinunue gari bovu ukijiambia tu kwamba chasisi itaagizwa.

Ukuta wa mbele wa kabini ni wa chuma, si aluminiamu, na umebeba milango, usukani, pedali na kioo. Inua zulia utazame sakafu ya miguuni, gonga nguzo chini ya bawaba za milango, halafu pembe mbili za juu zilizo karibu na bawaba za fremu ya kioo. Fungua mlango, ushike ncha yake na uinue. Ukiona nguzo yenyewe inacheza pamoja na mlango, si bawaba, ukuta umeoza ndani. Sakafu za miguuni hukatwa na kuwekwa mpya bila taabu. Nguzo na pembe za juu zinahitaji fundi anayepima, kwa sababu akikosea milimita chache milango haitafunga tena. Chasisi mbovu peke yake inavumilika, na ukuta mbovu peke yake unavumilika. Vyote viwili vikiwa vimeoza, mimi ningelichukua gari hilo kwa bei ya spea tu, au ningeliacha.

Kwenye bodi, tafuta unga mweupe na malengelenge pale aluminiamu inapogusana na chuma: kuzunguka fremu za milango, chini ya bodi ya nyuma, kwenye bolti. Metali hizo mbili zikikutana na maji yenye chumvi, aluminiamu huliwa. Sumaku ikishika kwenye bawa la mbele, ujue liliwahi kutengenezwa upya kwa bati la chuma mtaani. Kuchomelea aluminiamu kunataka gesi ya argoni na mkono uliozoea, kwa hiyo muulize fundi wako kama anaiweza kabla hujahesabu gharama. Mbonyeo si tatizo. Mbonyeo uache.

Injini iliyokaa muda mrefu usiipige stata. Toa plagi nne, mimina kijiko cha mafuta ya injini kila silinda, subiri siku moja. Series ina hendeli inayoingizwa mbele chini ya rejeta. Weka giaboksi nyutro, zima suichi, ingiza hendeli na ulaze dole gumba upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie, maana injini ikirudi nyuma itakuvunja mkono. Ikigeuka, rudisha plagi na uzungushe tena polepole. Katika mizunguko miwili kamili utahisi mikandamizo minne. Minne yote ikikataa kwa nguvu sawa, una injini ya kuanzia. Mmoja ukipita mwepesi, ni valvu au ringi. Baadaye pima mkandamizo kwa geji, injini ikiwa moto. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, fungua kichwa. Dizeli ichukue kwa tahadhari zaidi: kabla ya 1980 krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ilishikwa na beringi 3 badala ya 5, na kwenye dizeli krenki hizo ndizo zinazovunjika. Kabla ya kufunga betri yako, tazama waya upi umefungwa kwenye bodi. Hadi karibu 1967 ulikuwa waya wa chanya, na ukigeuza utaunguza vifaa.

Gari likitembea, shuka nalo mlima ukiachia mafuta katika kila gia uone kama rungu la gia linaruka lenyewe hadi nyutro. Sukuma kitufe cha njano chini kwa magurudumu manne, vuta rungu jekundu kwa gia nzito, ujaribu vyote viwili kwenye udongo laini, si kwenye lami. Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna matufe yenye kromu: yakiwa na vishimo vya kutu, kila sili mpya utakayoweka itavuja. Breki zihesabu kuwa mbovu hata zikishika. Silinda za magurudumu, mipira na mabomba vyote viingie kwenye bajeti. Mafuta: injini karibu lita 7 pamoja na filta, giaboksi lita 1.5, boksi la pili (linalogawa nguvu mbele na nyuma) lita 2.5, na kila difu ya kawaida lita 1.75.

Halafu kinachokosekana. Andika kila kitu kisichopo: fremu ya kioo, bawaba, vilele vya milango, dashibodi, vishikio. Vitu vidogo hivi ndivyo hukwamisha kazi kwa miezi. Gari lililokwisha kufunguliwa na kuwekwa kwenye maboksi lina thamani ndogo kuliko lilivyoonekana likiwa zima, kwa kuwa huwezi kujua kilichopotea mpaka siku unapokitafuta. Nati nyingi ni za inchi, na baadhi za giaboksi na ekseli ni za mtindo wa zamani zaidi wa Uingereza. Spana za milimita zitazivunja pembe, kwa hiyo seti ya inchi iwe sehemu ya bei ya kununulia.

Bajeti iandike kabla ya kutaja bei yako. Mlete mchomeleaji alale chini ya gari akupe bei ya maandishi ya chasisi na ukuta. Ongeza breki zote, matairi matano, bushi za springi, waya, rejeta, rangi pamoja na praima maalumu ya aluminiamu, na usajili. Kisha weka theluthi moja juu, kwa sababu kutu daima ni kubwa kuliko inavyoonekana nje. Jumla hiyo ikizidi bei ya Series nzima inayotembea katika soko lako, nunua ile inayotembea, utengeneze kidogo kidogo huku ukiiendesha.

Mkikubaliana, piga picha kila upande, na hasa waya na mabomba, kabla kitu chochote hakijaguswa. Lisafirishe juu ya lori, si kwa kamba. Beringi za magurudumu zilizokauka miaka kumi hushika moto njiani, na breki hazipo. Lifungwe kwa minyororo kwenye ekseli, siyo kwenye bampa. Litakapofika, liweke chini ya paa, toa betri na petroli ya zamani, na usifungue injini wala bodi mpaka siku mchomeleaji amethibitisha kwamba anaanza na chasisi.