Somo: Kumtambua aliyetia nakshi kwenye shotigani ya zamani

Kila wiki naletewa picha ya ubavu wa bunduki ya babu na swali lilelile: "Fundi, nani alichora maua haya?" Natia nakshi kwenye pete na vikombe hapa Makoroboi, Mwanza, na kalamu ya chuma naijua. Naandika yote leo, mara moja.

1. Mwenye leseni ndiye aishike na kuhakikisha haina risasi.

2. Soma mihuri chini ya mitutu. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni muhuri wa ukaguzi wa bunduki wa Liège, Ubelgiji.

3. Kusafisha. Hapa niliwahi kuharibu. Mzee mmoja wa Ukerewe aliniletea bunduki ya marehemu baba yake, ubavu mweusi kwa mafuta yaliyoganda. Nikasugua kwa stilwaya mpaka chuma kikang'aa. Mawaridi yalibaki, lakini vile vistari vya kivuli ndani ya petali, vyembamba kuliko unywele, vilikuwa vimeliwa. Alipokuja kuichukua alinionyesha picha ya zamani: chini ya jani la mwisho, ukingoni, palikuwa na herufi mbili. Nikaweka lenzi palepale. Mikwaruzo mitupu. Hakuna wa kuzirudisha. Kwa hiyo: stilwaya marufuku, msasa marufuku, ndimu na majivu marufuku. Paka mafuta mepesi ya bunduki, yaache usiku kucha, futa kwa kitambaa cha pamba. Kwenye mifereji tumia kijiti cha mwanzi. Na ukiona rangi ya buluu na kahawia zilizochanganyika kama mafuta juu ya maji, usiiguse. Hiyo ni ya kiwandani, siyo uchafu.

4. Zima flashi. Mulika tochi kutoka ubavuni.

5. Tafuta saini kwa lenzi ya sonara: kingo za bamba, katikati ya majani, karibu na kilinda triga. Jina kubwa ubavuni ni la mtengenezaji. Herufi kwenye kibati cha dhahabu chini ya kitako ni za mwenye bunduki. Kazi nzuri za FN, kiwanda cha bunduki cha Ubelgiji, mara nyingi zina saini. Félix Funken aliongoza wachoraji wa kiwanda hicho kuanzia 1926. Waingereza wa kabla ya Vita vya Pili wengi hawakusaini. Pasipo saini, sema "mtindo wa fulani", usitaje jina.

Kijana wa Igogo: Fundi, hii yangu nani kachora?
— Picha ina flashi. Hatua ya 4.

Kijana wa Igogo: Imeandikwa W. W. Greener, si ndiye huyo?
— Hatua ya 5, sentensi ya pili. Greener ni mtengenezaji, wa Birmingham.

Mama Kahawa, Bukoba: Shikamoo fundi. Nitajuaje kama ni mkono au mashine?
— Marahaba mama, swali zuri sana. Fuata mstari mmoja kwa lenzi. Kalamu ya mkono huingia nyembamba, hunenepa kwenye mpindo, hutoka nyembamba, na mfereji wake unang'aa kama umekatwa kwa kisu. Uliochongwa kwa asidi una sakafu bapa yenye chengachenga. Wa kugandamizwa unajirudia: ua la kushoto na la kulia hufanana mpaka kasoro. Tazama na skrubu. Kwenye kazi bora mifereji ya vichwa vyake yote hulala upande mmoja. Ikiwa imepinda ovyo, kuna aliyeifungua.

Mvuvi, Musoma: Mbona wengine wanasema tu "ni Harry Kell"?
— Waseme wao. Karakana ya Kell London ilichorea kampuni kadhaa, Purdey mojawapo, na ilikuwa na mikono zaidi ya mmoja. Ken Hunt, aliyekuja kusifika sana, alitumwa na Purdey kujifunza humo. Mimi sitampa Kell kazi ya mwanafunzi wake.

Mvuvi, Musoma: Nimekuelewa. Na unyevu wa ziwa?
— Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi wala sanduku la mahameli, vinanyonya maji. Mafuta kidogo, kabati kavu la chuma lenye kufuli.

Mama Kahawa, Bukoba: Simu yangu haipigi picha vizuri kwa karibu.
— Laza karatasi nyembamba ya sigara juu ya nakshi, ishike isisogee, pitisha penseli laini kwa ubapa. Mchoro wote utapanda. Nitumie huo.