Kabla ya Kupima Mkondo wa Ghuba ya Winam kwa Boti

Maji ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, hayana haraka. Katika sehemu kubwa ya ndani ya ghuba mkondo huwa wa sentimita chache tu kwa sekunde. Kasi huongezeka penye Mlango wa Rusinga, ambako maji hubanwa yakiingia na kutoka ziwa kuu. Boti inayopima, kwa upande wake, hutembea mita moja hadi mbili kwa sekunde. Kwa hiyo chombo kinatafuta mwendo mdogo sana ndani ya mwendo mkubwa, na kosa la maandalizi lisiporekebishwa nchi kavu linaweza kuuzidi mkondo wenyewe.

Chombo kinachotumika zaidi ni kipimamkondo cha sauti, ADCP. Hutuma milio majini na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na chembe zinazoelea, kisha hukokotoa kasi ya maji katika kila tabaka. Kabla ya kukikodi, angalia kina cha mahali utakapopima. Ndani ya ghuba kuna maeneo mengi yasiyofika mita 10, na hapo kifaa chenye mlio wa masafa ya kilohezi 1200 kinafaa kwa kuwa hugawa maji katika tabaka nyembamba, hata za sentimita 25. Rusinga kuna kina zaidi. Kifaa hicho huona mita 15 hadi 20 hivi tu, basi huko chukua cha kilohezi 600.

Kumbuka pia kwamba kifaa hakioni maji yote. Sehemu ya juu hupotea kwa sababu uso wa kifaa umezama sentimita 30 hadi 50, na chini yake kuna nafasi fupi ambayo hakiwezi kuisikia. Karibu na sakafu ya ziwa, miali ya sauti ikiwa imeinama nyuzi 20, asilimia 6 ya mwisho ya kina huharibiwa na mwangwi wa sakafu yenyewe. Penye kina cha mita 6 hayo yote hufika mita nzima au zaidi. Anayetaka kujua mkondo wa juu kabisa, ule unaobeba gugu maji, aandae maboya yenye matanga ya kitambaa yanayoning'inia chini ya maji na kifaa cha GPS juu yake. Sehemu ya boya inayochomoza juu ya maji iwe ndogo iwezekanavyo, la sivyo utapima upepo.

Mipangilio ya kifaa ikaguliwe ofisini, siyo ufuoni Dunga, Kisumu, boti ikiwa tayari imewashwa. La kwanza ni chumvi. Vifaa vingi hutoka kazini baharini vikiwa vimewekewa chumvi ya 35 (gramu kwa kila kilo ya maji), nalo ziwa letu ni maji baridi: weka 0. Kwa joto la nyuzi 25, sauti husafiri karibu mita 1,497 kwa sekunde katika maji baridi, na karibu 1,534 baharini. Ukisahau, kasi zote zitapotoka kwa asilimia 2.5 hivi, na hakuna taa itakayowaka kukuonya. La pili ni wastani. Mlio mmoja una makosa mengi. Ukiwa na kosa la sentimita 10 kwa sekunde, wastani wa milio 100 huliteremsha hadi sentimita 1. Basi mwendo wa polepole una faida yake.

La tatu ni saa, na hili huvuruga takwimu nyingi kuliko watu wanavyokiri. GPS hufuata saa ya dunia (UTC), kompyuta hufuata saa ya Kenya iliyotangulia kwa saa 3, na nahodha akisema saa mbili asubuhi anamaanisha 08:00, ambayo kwenye kifaa ni 05:00. Chagueni saa moja, iandikeni kwenye jalada la daftari, na kila anayeshika kalamu aandike kwa mtindo wa saa 24.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kifaa hufungwa kwenye mlingoti ubavuni, katikati ya boti, mbali na enjini na povu lake. Mlingoti uwe wa alumini, kwa kuwa chuma cha kawaida huvuta dira ya kifaa. Ufungwe kamba za kuukaza mbele na nyuma usitetemeke, na kifaa chenyewe kiwe na kamba yake ya pekee iliyofungwa kwenye boti: bolti zikilegea, kitabaki kinaning'inia badala ya kulala topeni. Tengeneza bawaba ili mlingoti uinuke nyuma ukigonga rundo la gugu maji au wavu. Mlingoti usioinuka hupinda, na uliopinda kidogo hauonekani kwa macho.

Upindaji huo una gharama inayohesabika. Ukitumia GPS kuondoa mwendo wa boti, kosa la nyuzi 1 katika mwelekeo wa kifaa, boti ikienda mita 2 kwa sekunde, huzaa mkondo wa uongo wa sentimita 3.5 kwa sekunde. Ndani ya ghuba hiyo inaweza kuwa sawa na mkondo mzima. Ndiyo maana ni bora kutegemea ufuatiliaji wa sakafu, ambapo kifaa hupima mwendo wa boti kwa mwangwi wa chini. Kosa lilelile hapo hugeuza tu mwelekeo kidogo. GPS irekodi pia, kwa ajili ya ulinganisho. Mbele ya midomo ya mito ya Nyando na Sondu Miriu wakati wa mafuriko, tope la chini huweza kuwa linasogea lenyewe. Tia nanga dakika 10: kifaa kikidai boti inapanda kinyume cha mkondo, sakafu inatembea, nawe urudi kwenye GPS.

Dira irekebishwe kwa kuzungusha boti polepole duara kamili, kila kitu kikiwa mahali pake pa siku ya kazi: betri, tangi, spana, nanga. Ukihamisha betri baadaye, rudia. Na kila mstari wa kupimia upangiwe kupitwa mara mbili, kwenda na kurudi. Mkondo wa uongo hugeuka pamoja na boti, wa kweli haugeuki.

Ratiba ifuate upepo. Pwani mtu hupanga kazi kwa kupwa na kujaa, lakini hapa hakuna kupwa kwa kuhesabika. Anayesukuma maji ni upepo wa kutoka nchi kavu asubuhi, na ule wa kutoka ziwani unaovuma kuelekea Kisumu alasiri. Mstari uliopimwa 08:00 na ule wa 15:00 si picha ya maji yaleyale. Chukua kipimaupepo, na soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mawingu ya radi yakianza kupanda, inueni mlingoti mrudi, hata kama mstari umebaki nusu.

Petroli igawanywe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Betri za volti 12 ziwe mbili, kila moja na fyuzi yake, zikae mbali na tangi. Kila aliyemo avae jaketi la kuokoa maisha, asilikalie. Kuingia majini karibu na ufuo kurekebisha kifaa ni kujitafutia kichocho. Fungeni kila kitu boti ikiwa juu ya mchanga.

Kibali cha utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, lakini viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi cha kila ufuo, ndio wanaojua nyavu zimetegwa wapi, vizimba vya samaki vimefungwa kamba upande gani, na usiku upi wavuvi wa omena watakuwa na taa zao njiani. Nendeni na ramani ya mistari siku kadhaa mapema, na mkubali kuisogeza. Mkipima Rusinga, pateni pia ratiba ya feri ya Mbita na Luanda K'Otieno, kwa sababu boti yenye mlingoti majini haiwezi kukwepa haraka.

Siku moja kabla, fanyeni jaribio la nusu saa karibu na ufuo, kisha fungueni faili hilo kwenye kompyuta na mwone kama lina kina, joto, sakafu na GPS.