Somo: Usumaku wa nikeli oksidi kwa DFT+U, hatua kwa hatua

DFT ni njia ya kukokotoa tabia ya kitu kutokana na wingu la elektroni zake; DFT+U ni hiyo hiyo iliyoongezewa sahihisho la U, tutakaloliona Hatua ya 3. Wengi huanza na chuma. Mimi nashauri nikeli oksidi, NiO. Muundo wake ni ule ule wa chumvi ya mezani, ila tangu 1937 imewaumiza watu vichwa: de Boer na Verwey walionyesha kwamba kwa nadharia ya bendi (ngazi za nishati ambazo elektroni hukaa ndani ya kitu kigumu) ingepaswa kupitisha umeme kama metali, nayo haipitishi. Pengo lake la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iweze kupitisha umeme, likipimwa ni kama 4.3 eV; LDA tupu (DFT ya kawaida isiyo na U), hata ukiiwekea spini, inakupa kama 0.4.

Hatua ya 1: seli, yaani kipande kidogo cha fuwele kinachojirudia. Chini ya 523 K spini za nikeli (visumaku vidogo vya elektroni zake) hujipanga tabaka kwa tabaka kuelekea [111], tabaka hili juu, linalofuata chini. Seli ya atomi mbili ina nikeli moja tu. Atapingana na nani? Tumia atomi nne. Kwa a = 4.17 Å (ubavu wa mchemraba wa fuwele), vekta za seli, kwa kipimo cha a, ni (0.5, 0.5, 1), (0.5, 1, 0.5) na (1, 0.5, 0.5). Kwa viwianishi vya seli, nikeli zikae 0 0 0 na 0.5 0.5 0.5, oksijeni 0.25 mara tatu na 0.75 mara tatu.

Hatua ya 2: spini. Kwenye Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa DFT, andika nspin = 2, kisha zipe nikeli majina mawili, Ni1 na Ni2, moja ianze na sumaku ya 0.5, nyingine -0.5. Ukianza na sifuri utabaki na sifuri.

Hatua ya 3: U. Hapa ndipo penye kazi. Elektroni nane za 3d zimebanana kwenye atomi, na zikikaribiana husukumana vikali. DFT ya kawaida huona wastani tu, hivyo inazitawanya kupita kiasi. U, namba ya eV unayoiingiza, inaongeza gharama ya msongamano huo. Iweke kwenye Ni1 na Ni2, zote mbili! Mwaka wangu wa kwanza niliisahau Ni2, jumla ya sumaku ikagoma kuwa sifuri, nikashangilia siku mbili nzima kwamba nimevumbua kitu.

Hatua ya 4: rudia hesabu spini zote zikielekea upande mmoja, ulinganishe nishati. Mpangilio wa kupingana ndio unaopaswa kuwa chini.

MASWALI

Swali: Mwalimu, jumla ya sumaku imetoka 0.00. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea, zinafutana. Soma "absolute magnetization", kisha sumaku ya kila atomi. Nikeli moja inapaswa kuwa kama magnetoni 1.7 za Bohr (kipimo cha sumaku ya atomi).

Swali: Nimepandisha U hadi pengo likafika 4.3 kamili. Niandike hivyo kwenye tasnifu?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hapo umelipachika jibu, hujalikokotoa. Tafuta U kwa mwitikio mstari, yaani kuisukuma atomi kidogo na kupima elektroni zake zinavyojibu, njia ya Cococcioni na de Gironcoli ya 2005. Wao walipata kama 4.6 eV kwa NiO. Pengo likitoka dogo kuliko la maabara, liandike hivyo hivyo.

Swali: Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 tu.
Jibu: Atomi nne zinaingia. Anza na gridi ya k (vituo vya kukokotolea mawimbi ya elektroni) ya 4×4×4, mixing_beta (kiasi cha matokeo mapya kinachochanganywa kila mzunguko) 0.3, ukapike chai.