Kabla hujatundika Picasso ukutani, soma hapa kwanza

Huku Kigoma nimeshaona lodge mbili tatu mpya na migahawa wanaweka picha za Picasso, yule mchoraji wa Hispania, vijana wa stationari wanaprinti tu bila kuuliza, na kwa vile mimi yalinikuta pale Mwanga naomba usome kabla hujatoa hela.

Kwanza hakuna wa kukuuzia orijino. Picha yake iitwayo Guernica iko Madrid, nyingine iitwayo Les Demoiselles d'Avignon iko New York, ile ya mzee mpiga gitaa iko Chicago. Mtu akikupigia kwamba anayo moja Dar kwa laki tatu kata simu.

Pili pima ukuta. Guernica yenyewe ina upana wa karibu mita 7.8 na kimo cha mita 3.5 hivi, yaani upana ni zaidi ya mara mbili ya kimo, kwa hiyo ukimwambia fundi aiingize kwenye fremu ya mraba ataikata pembeni, akikata kulia katoa mtu aliyenyoosha mikono juu ndani ya moto, akikata kushoto katoa mama na mtoto, na hapo hujabaki na Guernica tena.

Tatu, rangi. Guernica ni nyeusi, nyeupe na kijivu tu, usikubali mtu akuambie ataichangamsha. Mzee wa gitaa aliyechorwa 1903 kuingia 1904 ni wa bluu na lazima abaki wa bluu, rafiki wa Picasso alijiua 1901 na kuanzia hapo akachora miaka kadhaa kwa rangi hiyohiyo ya huzuni, sasa printa ikiwa wino wa bluu unaelekea kuisha mzee anatoka kama ana ukungu. Subiri waweke wino mpya.

Les Demoiselles ya 1907 ni wanawake watano uchi, na ni wa danguro. Wawili wa kulia wana nyuso kama vinyago vya Kiafrika, na mwaka huohuo Picasso alikuwa ameviona vinyago vya kwetu makumbusho ya Paris. Picha kubwa sana kwenye historia ya sanaa, lakini kama sebule yako ya Ujiji inapokea wakwe na mashehe, iache.

Sasa hili la nne ndo lililonifanya niandike. Jua picha inasema nini kabla hujaitundika.

Mimi Guernica niliipenda kwa macho. Nikaona ng'ombe, farasi, taa juu, nikasema hii itapendeza ukuta wa mgahawa, nikaagiza Dar ikaja na basi, nikaitundika mkabala na dirisha la jikoni. Wateja wakaisifia. Jikoni nilikuwa na mama mmoja mtu mzima, anakaanga migebuka hakuna mfano, mpole, haongei sana. Wiki ya kwanza nikaona amehamisha beseni la vyombo, anaoshea mlango wa nyuma kwenye jua kali wakati kivuli kipo. Nikamuuliza akasema pale panamfaa. Nikaacha, na hapo nilikosea.

Siku moja mvua kubwa ikamrudisha ndani. Akaniita taratibu, "Mwanangu, huyu mama mtoto wake amekufa, mbona mmemuweka hapa watu wanakula?"

Nikageuka nikatazama. Kweli, kushoto kabisa chini ya yule ng'ombe kuna mama kainua uso anapiga yowe na mtoto kalegea mikononi. Nimepita mbele ya hiyo picha kutwa mara hamsini sijawahi kumuona. Yeye hajawahi kusikia jina Picasso, ila huyo mama alimuona siku ya kwanza tu kwa sababu alivuka ziwa 1996 kutoka Kongo na watoto wawili akafika na mmoja. Ndo mwaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa.

Usiku nikatafuta kwenye simu. Guernica ni mji wa Hispania, tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Wajerumani na Waitalia ziliupiga mabomu ilhali umejaa raia, Picasso alikuwa Paris, akaanza kuchora mwezi uliofuata na Juni alikuwa kamaliza. Ndo maana haina rangi. Nikaishusha usiku uleule, asubuhi nikamuomba radhi, akasema haina shida mwanangu, beseni akalirudisha kivulini.

Na huku kwetu usiseme haikuhusu, ukitoka hapo Kibirizi nusu ya unaokutana nao wana ndugu ng'ambo ya ziwa au walivuka wenyewe. Ukitaka Picasso wa sehemu ya kula chukua Wanamuziki Watatu ya 1921, au njiwa mweupe wa 1949 aliyetumika kwenye bango la mkutano wa amani Paris.

Mengine ni ya kawaida, usitundike ukuta unaolia unyevu wakati wa masika, usiweke karibu na moshi wa mawese, ikija na basi iviringishwe ndani ya bomba sio kukunjwa, bei ya fremu uliza kabla, usilipe yote mwanzo, misumari iwe ya zege, na ikishakaa ukutani kaa kila kiti uitazame kutokea pale, halafu ingia jikoni uitazame kutokea kwenye beseni la vyombo.