Jinsi ya Kupima Kigunduzi cha Miale ya Gama kwa Puto la Anga za Juu

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mezani, kwa sababu kigunduzi kikishapaa hakuna awezaye kukigusa tena. Kila mwale unaoingia kwenye fuwele ya iodidi ya sesiamu hutoa mmweko mdogo, na ni lazima ujue mapema mmweko wa ukubwa gani ni wa nishati gani. Ikiwa huna kibali cha kumiliki chanzo cha mionzi cha sesiamu-137, chenye mstari (yaani nishati maalumu ya miale yake) wa keV 662 (keV, kiloelektronivolti, ni kipimo cha nishati), ulizia mbolea ya potashi kwenye agroveti. Potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi iliyomo humo, hutoa mstari wa keV 1461, na mfuko wa kilo moja ukiegemezwa kwenye fuwele usiku kucha, kilele chake huonekana kwenye grafu ya ukubwa wa mimweko.

Hatua inayofuata isifanywe kwa haraka. Wengi hudhani anga la ikweta ni la joto, kumbe kilomita 16 au 17 juu yetu hewa hukaribia nyuzi -80, baridi kuliko kimo hichohicho karibu na ncha za dunia. Boksi la stairofomu huzuia sehemu tu ya baridi hiyo, na mwanga wa fuwele pamoja na nguvu ya kipokea mwanga cha silikoni, kinachosoma mimweko hiyo, hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Kwa hiyo laza kigunduzi na mbolea yake usiku mmoja chumbani, wa pili kwenye friji na wa tatu kwenye friza, ukiandika kilele kimesogea hadi wapi.

Rekodi kila tukio peke yake, pamoja na saa, joto na mgandamizo wa hewa. Hakikisha pia kwamba kipokezi cha GPS hakijizimi kikipita kilomita 18, kwani vingi hujizima.

Idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ni ya lazima, na kwa kuwa viwanja vya ndege vya Wilson na JKIA viko ndani ya jiji, panga kurushia mbali na Nairobi, baada ya kusoma vipimo vya pepo vya puto za Idara ya Hali ya Hewa zinazorushwa Dagoretti.

Puto likirudi, utaona idadi ya miale ikipanda hadi mahali fulani kati ya kilomita 15 na 20, kisha ikipungua. Usiilinganishe na ya Ulaya, maana hapa kwenye ikweta usumaku wa dunia hukinga miale mingi itokayo anga za mbali. Tafuta badala yake mstari wa keV 511, unaozaliwa positroni inapokutana na elektroni: ukibaki pale pale katika kipindi chote cha baridi, baada ya kusahihisha kwa jedwali lako la friza, kigunduzi kimefaulu.