Kwa baiskeli kutoka Uyole hadi Matema: gia, breki na mito

Mpando wa kutoka Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, kuelekea Isyonje utakuchosha, lakini safari nyingi huharibikia upande wa pili. Ukishavuka mgongo wa Isongole, ulioko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara inateremka hadi Tukuyu, kisha inateremka tena hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa lililo chini ya mita 500. Mita 1,500 na ushee za kushuka, na mzigo uko mgongoni mwa baiskeli. Hapo ndipo rimu zinapopata moto, viraka vinabanduka na spoku zinakatika. Iandae baiskeli kwa ajili ya kushuka, kupanda utajikongoja hata kwa kusukuma.

Gia

Gia nyepesi kabisa iwe na meno 22 mbele na 34 nyuma. Kwa tairi la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali utakusogeza kama mita 1.35 tu. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka, na magoti hayaumii. Baiskeli ya Phoenix yenye meno 48 mbele na 20 nyuma husogea zaidi ya mita 5 kwa mzunguko huohuo, ndiyo maana utawakuta wabeba ndizi wa Rungwe wanaisukuma mlimani na kuipanda kwenye tambarare.

Fundi akikubadilishia friwili ya nyuma kuwa kubwa, usiondoke kabla ya kupima cheni. Iweke kwenye meno makubwa mbele na makubwa nyuma kwa wakati mmoja, gurudumu likiwa juu, uzungushe kwa mkono. Ikikaza kama kamba ya gitaa ni fupi, aongeze pini mbili. Cheni fupi ikivutwa mlimani hung'oa kile kidude cha nyuma kinachohamisha gia, na ukiwa porini huna pa kukipata kingine.

Muda upangie hivi: mtu wa kilo 80, mwenye baiskeli na mzigo vyenye jumla ya kilo 25, atatumia dakika 15 hadi 20 kwa kila mita 100 za kupanda. Mpando wa mita 400 ni saa moja na zaidi ya kukanyaga bila kupumzika. Ukiona umeanza kuyumba kushoto na kulia, shuka usukume. Malori yaliyo nyuma yako hayana nafasi ya kukukwepa.

Mzigo

Kilo 12 hadi 15 zinatosha. Vitu vizito vikae chini, pembeni mwa gurudumu, si juu ya keria, kwa sababu mzigo wa juu huifanya baiskeli itikisike usukani ukiwa kwenye kasi. Asiye na mifuko ya pembeni achukue madumu mawili ya lita 10, ayakate upande mmoja wa juu, atoboe matundu mawili kwenye kila dumu na kuyafunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Yanazuia mvua vizuri kuliko mifuko mingi ya dukani. Hakikisha kisigino hakigusi dumu unapokanyaga.

Chagua rimu yenye tundu pana la vali, ile ya kawaida inayouzwa kila soko. Tyubu za vali nyembamba usitegemee kuzipata Tukuyu wala Kyela. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, spana, spoku tatu za urefu uleule wa zako, waya mmoja wa breki ya nyuma (ni mrefu, ukikatwa unafaa mbele pia) na raba za breki jozi mbili. Kabla ya kuondoka, weka tyubu mpya isiyo na kiraka. Zilizozibwa ziwe za akiba.

Kushuka

Breki za raba hugeuza mwendo kuwa joto, na joto lote linaishia kwenye rimu. Ukizibana kidogokidogo mfululizo kwa kilomita tatu, rimu haipati muda wa kupoa. Upepo ndani ya tyubu unapanuka, solusheni inalainika, kiraka kinateleza. Wengine hudhani wamechomwa na mwiba, kumbe tyubu imepasuka kwa joto tu.

Namna ya kufanya ni hii. Acha baiskeli ishike kasi kidogo, halafu bana breki zote mbili kwa nguvu mpaka ufike mwendo wa kukimbia kwa miguu, kisha achia kabisa. Rimu inapoachiwa hupigwa na upepo na kupoa. Rudia. Kabla ya kona, punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, na ndani ya kona usiguse breki ya mbele kama kuna kokoto au majani ya chai yaliyomwagika. Kila baada ya kilomita tatu au nne simama, gusa rimu kwa mgongo wa kidole. Usipoweza kuhesabu hadi tatu, kaa dakika kumi. Usimwagie maji ili uwahi: kama una breki za disiki, disiki yenye moto ikimwagiwa maji baridi hupinda, nayo italia na kusugua safari nzima.

Mvua ikinyesha mambo hubadilika tena, na Rungwe hunyesha hata miezi ambayo Mbeya mjini ni kavu. Matope yenye mchanga hukwangua raba kama tupa. Jozi mpya inaweza kwisha kwa siku moja. Angalia mifereji iliyochongwa kwenye raba: ikifutika, badilisha hapohapo, kwani chuma cha ndani kikifika kwenye rimu kitaikwangua rimu nayo.

Spoku ikikatika, mara nyingi ni ya gurudumu la nyuma upande wa cheni, kwa kuwa upande huo hukazwa zaidi. Itoe au izungushie kwenye jirani yake, kisha legeza nusu mzunguko zile mbili za upande wa pili zilizo karibu nayo. Rimu itarudi katikati kiasi cha kutogusa breki, na utafika kwa fundi.

Matope na mito

Nafasi kati ya tairi na madigadi iwe ya kidole kizima. Ikiwa ndogo, udongo mwekundu hujaa humo hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Beba kijiti cha kukwangulia, kifunge kwenye fremu ili ukipate bila kufungua mzigo.

Kwenye njia za vijijini kuna madaraja ya mbao. Tazama mbao zimelazwa upande gani. Zikienda sambamba na njia, katikati yake hubaki mwanya unaolingana kabisa na tairi la baiskeli, na gurudumu la mbele likizama humo wewe unaruka juu ya usukani. Shuka, tembea. Mto usio na daraja vuka tu pale unapoona chini na maji hayajafika magotini. Peleka mzigo kwanza, kisha baiskeli, ukiishika upande maji yanakoelekea, ili mkondo ukiisukuma isikuangukie miguuni. Maji yakiwa ya kahawia na yakibeba matawi, subiri: mito ya milimani hujaa haraka na hupungua baada ya saa kadhaa. Huko chini, karibu na ziwa, usiingie mtoni kuoga bila kuwauliza wenyeji, kuna mamba.

Siku tatu

Siku ya kwanza pitia Uyole alfajiri kabla malori hayajazidi, ulale Tukuyu, kama kilomita 70 kutoka Mbeya mjini. Vaa sweta na koti la mvua juu kule Isongole, hasa Juni na Julai. Siku ya pili shuka hadi Kyela, ambako utalivua sweta na kuhitaji chandarua. Siku ya tatu ni rahisi: lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu kilomita 39, tambarare ya mpunga na kokoa. Aprili na Mei tambarare hii hufurika, usiende.

Ukiuliza njia utaambiwa "hapo tu mbele". Anza na "Shikamoo", au "Ugonile" kwa Kinyakyusa, kisha uliza swali linalojibika: "Kuna milima mingapi kabla ya kufika? Mtoni kuna daraja?" Ukijibiwa, sema "Ndaga", yaani asante.

Kurudi, panda Kosta pale Kyela. Kabla ya baiskeli kupandishwa juu ya gari, geuza usukani ulingane na fremu, ng'oa pedali (ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume na ya kulia), na ilazwe upande wa cheni ukiangalia juu. Panda mwenyewe ukaifunge.