Ukifika Normandy, uliza maji kwanza

Kama safari ya Ufaransa itakufikisha Normandy, usipange siku yako kwa kufuata saa za makumbusho. Ipange kwa maji ya bahari, yaani saa za kupwa na kujaa. Pale Arromanches, mabaki ya bandari ya muda iliyojengwa na Waingereza Juni 1944, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Washirika yalipotua kupigana na Wajerumani, yapo ufukweni hadi leo, na maji yakipwa unayafikia kwa miguu: maboksi ya zege makubwa kama nyumba, yameota mwani, nondo zimechomoza na kutu. Maji yakijaa, mengine utayaona kwa mbali tu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari hukauka zaidi, ila ikirudi inarudi mbio, kwa hiyo geuka mapema.

Saa za maji kujaa zitumie kwa Longues-sur-Mer, kilomita chache magharibi, ambako mizinga ya Wajerumani ingali ndani ya ngome zake. Halafu Pointe du Hoc, jabali la takriban mita 30 ambalo askari wa Marekani walilikwea kwa kamba na ngazi katika vita hivyo. Mashimo ya mabomu yameota nyasi, na ni makubwa kuliko yanavyoonekana pichani. Uzio usiuvuke, ukingo unamomonyoka kweli. Na beba viatu vya pili. Mchanga wa Arromanches una madimbwi.